Msondo na Sikinde: Shabiki wa redio, shabiki wa ukumbi

*Ubishi wa wapenzi wa dansi Chinongwe, wilayani Ruangwa, unagusa swali linalozikabili bendi kongwe zote nchini: nani atagharimia wimbo mpya?*

Na Mwandishi Wetu

Saa kumi na moja jioni, benchi la kahawa Chinongwe halina nafasi. Mazungumzo yalianza na mnada wa korosho, yakapita kwa Namungo, timu ya soka ya hapa wilayani, na sasa yamenasa kwenye simu ndogo ya batani inayopiga kibao cha Msondo Ngoma kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mzee mmoja anatikisa kichwa. Gitaa la solo, anadai, limeingia kabla ya wakati wake. Kijana aliyerudi kutoka Mbagala anamjibu kwa adabu: mjomba, hapo hapana kosa, hiyo imerekodiwa ukumbini na ndivyo bendi inavyoipiga mbele ya watu. Anayoijua mzee ni ya redioni.

Kikombe cha pili hakijaisha, benchi limegawanyika mafungu matatu. Wapo wanaotaka bendi izipige nyimbo zake kama zilivyorekodiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Wapo wanaouliza albamu mpya itatoka lini. Na wapo wanaosema hayo yote ni porojo mpaka bendi yenyewe ipande basi ije kusini.

Mabishano ya namna hii yapo popote wanapokutana watu waliokulia kwenye dansi, kuanzia Ilala hadi Ujiji. Huku kusini yana uzito wa pekee, kwa sababu wengi wamezipenda Msondo na Sikinde kwa miaka mingi bila kuziona jukwaani hata mara moja.

Mshahara uliozaa nyimbo

Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka huohuo. Kila chama kilipogeuka, bendi nayo iligeuka: ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma, ambayo mashabiki wake huiita Baba ya Muziki. Mwaka 2024 ilitimiza miaka 60.

Kabla yake, bendi nyingi zilikuwa vyama vya watu waliotoka upande mmoja wa nchi au waliokaa mji mmoja. Western Jazz ilikuwa na watu wake, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ikawapa watu wa pwani ya kusini cha kujivunia katikati ya Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa na kazi yake mchana, gitaa alilishika usiku.

NUTA ilileta jambo jipya, nalo ni mshahara. Vyombo vilikuwa mali ya chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa, na mazoezi yakawa kazi inayolipwa. Wengine wakaiga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, vijana wa chama tawala wakawa na Vijana Jazz, na majeshi nayo yakawa na zao.

Ukiuliza kwa nini miaka ile bendi zilifyatua vibao vipya mfululizo, sehemu kubwa ya jibu imo humo. Mtunzi alipokuwa akisumbuka na ubeti siku ya Jumatano, alikuwa kazini.

> *Mtunzi alipokuwa akisumbuka na ubeti siku ya Jumatano, alikuwa kazini.*

Wapinzani wa 1978

Mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park Orchestra. Waimbaji wawili wa JUWATA, Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka, walihamia huko, wakaungana na kina Abel Balthazar, Michael Enoch, Cosmas Tobias Chidumule na Joseph Mulenga. Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na hadi leo wengi wanaifahamu kwa jina la mtindo wake: Sikinde, Ngoma ya Ukae.

Tangu hapo mashabiki wa dansi walipata Simba na Yanga yao. Bendi hizo mbili zikipangwa siku moja, ukumbi mmoja, mashabiki wanakuja na ushahidi wa nani kamwibia nani mwimbaji, na nani alimfundisha nani gitaa.

Ushahidi wenyewe umechanganyika. Gurumo aliondoka Sikinde mwaka 1985 kwenda Orchestra Safari Sound, na baadaye akarejea Msondo. Shaaban Dede alizitumikia Msondo, Sikinde na Bima Lee kwa nyakati tofauti, na kila upande unamhesabu kuwa wake.

Kisha umri ukaanza kudai haki yake. TX Moshi William, sauti iliyoibeba Msondo kwa miaka mingi, alifariki Machi 2006. Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, akafariki Aprili 2014. Dede alifuata mwaka 2017. Kila msiba uliwaachia mashabiki swali lilelile: wimbo wake ataimba nani, na ataimba vipi?

Pantoni na mawimbi

Kwa wakazi wa Ruangwa na Nachingwea, majina hayo yalifika kwa mawimbi ya redio. Barabara ilikuwa habari nyingine.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Dar es Salaam kwenda Lindi aliuvuka Rufiji kwa pantoni, na wakati wa masika njia ilifungwa na tope. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioshindwa, iliondolewa miaka ya 1960. Bendi yenye ngoma, spika na jenereta haikuwa na sababu nyingi za kujaribu bahati yake huku.

Radio Tanzania Dar es Salaam haikuhitaji pantoni. Bendi iliitwa studio, mashairi yakakaguliwa kwanza, kisha wote wakapiga kwa pamoja na utepe ukizunguka: waimbaji, magitaa, tarumbeta, mdomo wa bata, tumba na dramu. Nyimbo kadhaa ziliweza kumalizwa kwa siku moja. Mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango na Radio One ikaingia hewani mwaka uliofuata, RTD ndiyo iliyoamua nchi isikilize nini.

Hapo ndipo mashabiki wa aina mbili walipozaliwa.

Wa Dar es Salaam waliujua wimbo ukiwa bado mchanga. Waliusikia DDC Kariakoo au Amana wiki nyingi kabla haujarekodiwa. Waliona ubeti ukikatwa kwa sababu watu walirudi vitini, na chemko, sehemu ya mwisho ya kuchezwa, likirefushwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuketi. Wimbo ulipofika studio, wachezaji walikuwa wameshaukubali.

Wa Chinongwe aliupokea ukiwa umekamilika. Kwake una sura moja, ya RTD, aliyoisikia mara mia mbili hadi akajua ni wapi mwimbaji anavuta pumzi. Ukimpigia namna nyingine, anaona umemharibia kitu chake.

> *Wa Dar aliujua wimbo ukiwa mchanga. Wa Chinongwe aliupokea ukiwa umekamilika.*

Wapige kama walivyorekodi

Si haki kumwita shabiki huyu mshamba wa muziki. Ana hoja.

Kwanza, dansi la Tanzania ni muziki wa maneno. Nusu ya kwanza ya wimbo ni kisa: talaka, deni, barua, mke wa pili, ndugu aliyesahau kwao. Anayekatisha kisa ili awahi chemko amemnyima msikilizaji kilichomfanya aufungulie redio.

Pili, mabadiliko mengi ya siku hizi yameletwa na ukata. Tarumbeta tatu zinahitaji watu watatu wa kulipwa, kinanda kinahitaji mmoja. Bendi nyingi zimefanya hesabu hiyo, na matokeo yake yanasikika. Shabiki anayedai tarumbeta zirudi anadai kazi za watu zirudi.

Tatu, wapo waliochoka kulipa kiingilio wakakuta mwimbaji anashika kipaza sauti huku muziki wote ukitoka kwenye kompyuta. Kwao, kupiga kama ilivyorekodiwa maana yake ni kupiga kwa mikono.

Bendi si makumbusho

Upande wa pili unauliza: bendi inayopiga ya zamani pekee itaishi hadi lini?

Mwimbaji wa miaka 25 anayejiunga na Msondo au Sikinde anapewa nyimbo zilizotungwa kabla hajazaliwa. Akiziimba sawasawa na marehemu, ataambiwa anaiga. Akiziimba kwa namna yake, ataambiwa anaharibu. Asipopewa nafasi ya kutunga, ataondoka kwenda Bongo Fleva au bendi ya hotelini, na bendi itabaki na vyombo.

Mashabiki wa upande huu wana mfano mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikikaribia umri wa miaka 40, Msondo ilitoa Piga Ua Talaka Utatoa, na wimbo huo ulisikika kwenye daladala, harusini na baa wakati Bongo Fleva imeshika kasi. Leo watu wazima wengi wanauweka kwenye fungu la zilipendwa pamoja na nyimbo za miaka ya 1970, kama vile zote zilitoka wiki moja.

Hilo linawapasa watetezi wa zamani kufikiri. Wangekuwa na kauli ya mwisho miaka ile, wimbo wanaoudai leo usingetungwa.

Ulaya nao wana kesi hiyohiyo. Rolling Stones, bendi ya roki iliyoanza London mwaka 1962, miaka miwili tu kabla ya NUTA Jazz, ilikaa miaka 18 bila albamu ya nyimbo zake mpya, kuanzia 2005 hadi Hackney Diamonds ya mwaka 2023. Katikati ilijaza viwanja kwa nyimbo za miaka ya 1960 na 1970, na mashabiki wake wakagombana juu ya hayo tunayogombania sisi. Tofauti ni kwamba Rolling Stones waliweza kusubiri miaka 18 bila mpiga besi kukosa kodi ya nyumba.

Nani analipa?

Tunarudi kwenye mshahara. Serikali ilipolegeza uchumi kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1980, mashirika yalijiondoa kwenye muziki moja baada ya jingine. Bendi zikabaki kuishi kwa mlango: kiingilio cha Jumamosi ndicho mlo wa wiki. Mazoezi yakawa muda usiolipwa, na wimbo mpya ukawa gharama.

Kwa muda kanda ziliziba pengo. Wasambazaji wa Kariakoo waliinunua albamu kwa mkupuo, bendi ikapata fedha, msambazaji akachukua faida ya albamu iliyobahatika na kubeba hasara ya iliyokosa soko. Kanda zilipokufa, na mpango huo ukafa nazo.

Sasa kadi ya kumbukumbu inajazwa nyimbo kibandani kwa bei ya soda. Mwenye kibanda anapata, mwenye simu anafurahi, bendi haimo kwenye hesabu. Mitandao ya kusikilizia muziki inalipa kwa mara ambazo wimbo umesikilizwa, na shabiki wa dansi wa miaka 60 mwenye simu ya batani hahesabiki huko.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Januari 2022 ofisi hiyo iligawa mirabaha ya zaidi ya Sh milioni 300 kwa kazi za muziki zilizotumika redioni. Ni hatua. Lakini hata mirabaha ikigawiwa kwa haki, itawafuata zaidi wanaopigwa zaidi, na redio nyingi hulitengea dansi saa chache za mwisho wa wiki.

Hazina kubwa zaidi imelala kwenye maktaba ya RTD, ambayo sasa iko chini ya shirika la utangazaji la taifa, TBC: maelfu ya tepu zilizorekodiwa na bendi ambazo hazikuondoka na nakala kuu ya kazi zao. Nchini hapakuwa na kiwanda kilichofanya kazi cha kutengeneza santuri, hivyo santuri nyingi za dansi zilitengenezwa Nairobi. Baadhi ya rekodi zimetolewa upya ng'ambo. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa mkusanyiko wa dansi la Dar la mwaka 1978 hadi 1983 katika mfululizo wa Zanzibara mwaka 2009. Duka la kuununua halipo Ruangwa wala Nachingwea.

Senegal walionyesha njia. Orchestra Baobab ya Dakar ilikuwa imevunjika tangu miaka ya 1980. Rekodi zake za mwaka 1982 zilipotolewa upya mwaka 2001, hamu ya wasikilizaji iliwarudisha wazee jukwaani, na mwaka 2002 wakatoa albamu mpya, Specialist in All Styles. Kazi ya zamani iliuzwa vizuri, kwa jina la bendi, na ndiyo iliyofungua mlango wa mpya.

> *Kadi ya kumbukumbu inajazwa kwa bei ya soda. Bendi haimo kwenye hesabu.*

Barabara sasa ipo

Linabaki fungu la tatu la benchi, la wale wanaotaka kuiona bendi kwa macho. Wengi huwachukulia kama watu wa ndoto. Huenda ndio wenye hoja nzito kuliko wote.

Mto Rufiji hauzuii mtu tena. Namungo ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, Simba na Yanga zilianza kuja kucheza Uwanja wa Majaliwa, na Julai 2020 Simba ilikabidhiwa kombe lake la ubingwa Ruangwa. Watu walitoka vijijini, wakalipa, wakaingia. Wilaya iliyoonekana iko mwisho wa nchi imeshazoea kukata tiketi.

Fedha nazo zina msimu unaojulikana. Korosho huuzwa kwa minada ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kuanzia Oktoba na kuendelea. Wasanii wa Bongo Fleva na ma-DJ wa singeli wanaifahamu kalenda hiyo vizuri.

Bendi kongwe ina vikwazo viwili. Cha kwanza ni ukubwa wake. DJ anakuja na kompyuta na msaidizi mmoja. Msondo au Sikinde kamili ni watu kumi na tano au zaidi wa kusafirishwa, kulazwa na kulishwa, pamoja na lori la vyombo. Promota akikosea usiku mmoja, hasara inamla mwaka mzima.

Cha pili ni kalenda yenyewe. Korosho inalipwa wakati uleule ambao kumbi za Dar es Salaam zinajaa kwa sikukuu za mwisho wa mwaka, msimu wa mapambano na kiingilio kikubwa. Kuiomba bendi iache Krismasi ya Dar ije Chinongwe ni kuiomba ikose mapato ya uhakika.

Ila kusini kuna mavuno mengine. Ufuta nao unauzwa kwa minada kati ya Juni na Agosti, miezi ya kiangazi isiyo na mvua, ndiyo hiyohiyo ya sherehe nyingi za vijijini. Promota mwenye akili angepanga safari ya usiku wa Nachingwea, wa Ruangwa na wa Masasi kwa mfululizo, gharama ya lori ikagawanywa kwa milango mitatu. Vijiwe vya mashabiki vingeweza kukusanya viingilio mapema, kama vinavyochangishana nauli ya kufuata mpira. Hapo promota anaanza safari na fedha mkononi.

Kazi ya shabiki

Onyesho likifika, litajibu pia ubishi wa mafungu mengine mawili, maana wimbo mpya wa dansi hautengenezwi studio peke yake. Tangu enzi za NUTA umekuwa ukipimwa mbele ya wachezaji. Bendi inaupiga ukiwa na kasoro, inawatazama watu, inarudi mazoezini kuurekebisha.

Kipimo hicho ndicho kilichokufa. Siku hizi bendi ikianza kibao kisichojulikana, watu wanatoka kwenda kununua vinywaji, na maombi ya nyimbo za zamani yanaanza kupelekwa jukwaani na noti juu yake. Kiongozi wa bendi ana macho. Wiki inayofuata anaupunguza wimbo ule, na wiki ya tatu anauacha. Kisha mashabiki walewale wanalalamika kwamba bendi haitoi albamu.

Shabiki wa redio ana faida hapa ambayo hajaitambua. Amezoea kusikiliza kisa mpaka mwisho kabla hajacheza, na hilo ndilo linalohitajika ili ubeti mpya upate wa kuuhukumu. Sikio lililomkamata mpiga solo kwa kuingia mapema linaweza kuisaidia bendi kuliko mtu anayeshangilia kila kitu.

Kwa hiyo atakayeandaa usiku huo kusini ajue masharti. Kiingilio kilipwe na kila mtu, hata shemeji yake mpiga tumba. Nyimbo za zamani zipigwe na tarumbeta zake. Na saa ya kwanza, kabla noti hazijaanza kupelekwa jukwaani, bendi ipige mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia, watu wakiwa wamekaa wanasikiliza.